Kusitisha bima ya gari kabla ya muda wake: barua, hesabu ya marejesho na mahali pesa zinapopotelea

Umeuza gari, umebandua stika, umempigia wakala ukamwambia bima huitaki tena, naye akajibu "sawa bosi". Bima bado iko hai. Kwa Tanzania, bima ya gari inasitishwa na kampuni ya bima yenyewe: inapokea ombi lako la maandishi, inatoa endosimenti ya kusitisha (waraka wa kubadilisha mkataba), kisha inaifuta kwenye TIRA-MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) ambao trafiki, mnunuzi au mtu yeyote anaweza kuuangalia kwa namba ya gari. Mpaka kampuni ipokee ombi hilo, siku zinahesabika upande wake na marejesho yako yanapungua.

Maelezo haya ni ya Tanzania. Kwa walioko Kenya kuna aya yao mwishoni, kwa sababu sheria zinafanana lakini taratibu hazilingani.

Pengine huhitaji kusitisha

Watu wengi wanaoomba kusitisha wangepata nafuu zaidi kwa njia nyingine. Kama umeuza gari na unanunua jingine ndani ya wiki chache, omba bima ihamishiwe kwenye gari jipya. Kampuni inatoa endosimenti ya kubadilisha gari, unalipa tofauti kama gari jipya lina thamani kubwa zaidi, na miezi iliyobaki inaendelea bila kukatwa kwa jedwali la muda mfupi tutakaloliona hapa chini. Hakikisha tu namba ya usajili na chesesi ya gari jipya zimeingia kwenye mfumo kabla hujaliwasha kutoka yadi.

Njia ya pili ni kumhamishia mnunuzi. Ikubalike au isikubalike ni uamuzi wa kampuni, kwa sababu inambeba dereva isiyemjua. Bima haifuati gari kama tairi la spea. Mkataba uliufunga wewe, na siku gari linapotoka mikononi mwako, mnunuzi anayeendelea kutembea na kinga yako yuko kwenye hatari kubwa, hasa kwa bima kubwa, yaani ile inayolipa pia hasara ya gari lenyewe. Mkikubaliana kuhamisha, nendeni kwa kampuni pamoja, mkiwa na mkataba wa mauziano na kadi ya gari.

Ya tatu ni kwa mwenye gari lililolala gereji kusubiri injini kwa miezi mitatu. Baadhi ya kampuni hukubali kusimamisha kinga kwa muda na kusogeza mbele tarehe ya mwisho. Uliza kabla gari halijakaa, maana hakuna anayekurudishia siku zilizopita. Na ukishasimamisha, gari lisiguse barabara hata kwa kusukumwa kuvuka mtaa.

Kuna wanaotaka kusitisha kwa sababu wamepata kampuni yenye bei nafuu. Kabla hujafurahia, chukua akiba unayoahidiwa, toa kiasi utakachokatwa. Mara nyingi jibu ni hasi ukishapita mwezi wa tatu, na ni heri kusubiri bima iishe ndipo uhame.

Hakiki kwanza kama bima ipo

Ingia tiramis.tira.go.tz, weka namba ya gari au namba ya stika, usome majibu kwa makini: jina la kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Linganisha na kavanoti yako, ile hati ya ukurasa mmoja uliyopewa ulipokata bima. Piga picha ya skrini, utaihitaji baadaye.

Mambo matatu hujitokeza hapa. La kwanza, tarehe kwenye mfumo haifanani na ya karatasi. Inayofanya kazi kwenye hesabu ni ile kampuni iliyosajili, hivyo lisahihishwe kwanza. La pili, ulidhani una bima kubwa, kumbe imesajiliwa bima ndogo, yaani ile inayolipa hasara za watu wengine tu. La tatu ndilo baya zaidi: gari halionekani kabisa. Hapo hakuna cha kusitisha. Ama wakala alikula pesa au kavanoti ni feki. Chukua risiti, miamala ya simu na kavanoti hiyo uende makao ya kampuni iliyotajwa, na kama nao hawaitambui, peleka TIRA na polisi. Usilitembeze gari hilo wakati unashughulikia.

Hesabu: ukisitisha wewe, ikisitisha kampuni

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Kampuni ikisitisha bima kwa uamuzi wake, kawaida hurudisha kwa uwiano wa siku: siku ulizotumia inachukua, zilizobaki inarudisha. Ukisitisha wewe, mikataba mingi inatumia jedwali la muda mfupi, na jedwali hilo linakata zaidi. Moja linalokutwa mara kwa mara kwenye mikataba ya magari linasomeka hivi:

Hadi wiki 1: kampuni inabaki na 12.5% ya ada ya mwaka
Hadi mwezi 1: 25%
Hadi miezi 2: 37.5%
Hadi miezi 3: 50%
Hadi miezi 4: 62.5%
Hadi miezi 6: 75%
Hadi miezi 8: 87.5%
Zaidi ya miezi 8: ada yote

Lako linaweza kutofautiana, kwa hiyo fungua mkataba wenyewe (si kavanoti ya ukurasa mmoja) utafute kipengele cha kusitisha. Hukupewa mkataba kamili? Uombe, ni haki yako kuwa nao.

Tuchukue gari la binafsi la Sh 20,000,000 lenye bima kubwa kwa kiwango cha 3.5%. Ada ni Sh 700,000, VAT ya 18% ni Sh 126,000, jumla ulilipa Sh 826,000. Bima ilianza 1 Machi. Unasitisha mwisho wa siku ya 30 Juni, yaani siku 122 zimetumika na 243 zimebaki.

Kwa uwiano wa siku: 700,000 × 243 ÷ 365 = Sh 466,027. Ukiongeza VAT yake, Sh 549,912.

Kwa jedwali: kampuni inabaki na 62.5%, yaani Sh 437,500. Inarudisha Sh 262,500 na VAT yake Sh 47,250, jumla Sh 309,750.

Sasa barua hiyohiyo ichelewe, ipokelewe 2 Julai. Umeshaingia kundi la hadi miezi 6, kampuni inabaki na 75%, na unarudishiwa Sh 175,000 na VAT Sh 31,500, jumla Sh 206,500. Siku mbili zimekugharimu Sh 103,250. Ndiyo maana muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako una thamani kuliko mazungumzo yote ya WhatsApp na wakala.

Angalia VAT kwa jicho la pekee. Watu hurudishiwa ada bila VAT na hawaulizi. Ada ikipungua, kodi iliyotozwa juu ya kiasi hicho nayo inapaswa kupungua, na kampuni inatoa kredinoti kuonyesha hivyo. Makato madogo ya kiofisi yanaweza kuwepo kama mkataba umeyataja. Yasiyoandikwa popote, yakatae.

Bima ndogo ina hesabu fupi. Ada ya gari dogo la binafsi iliyozoeleka ni Sh 100,000, na VAT inafika Sh 118,000. Ukisitisha mwezi wa tano kwa jedwali la hapo juu unapata Sh 29,500, na kampuni nyingine zinaweka ada ya chini isiyorudishwa kabisa. Kwa pesa tu, nauli na foleni vinaweza kumaliza faida yote. Lakini kama gari limeuzwa, peleka barua hata kama hurudishiwi shilingi.

Na usitegemee marejesho yoyote kama ulishalipwa fidia ndani ya mwaka huo wa bima. Karibu kila mkataba unasema marejesho ni kwa asiye na madai. Gari lililoharibika kabisa au kuibwa na kulipwa thamani yote, bima yake imekwisha kazi. Hakuna miezi ya kudai.

Gari limeuzwa: anza na TRA (Mamlaka ya Mapato)

Mpangilio wa hatua una maana. Kadi ya gari ikibaki na jina lako, mtu aliyegongwa atakutafuta wewe, awe nani yuko nyuma ya usukani. Ukisitisha bima huku umiliki bado ni wako kwenye kumbukumbu za TRA, umejivua kinga na kubaki na lawama. Kwa hiyo: mkataba wa mauziano usainiwe na mashahidi, uhamisho wa umiliki ufanyike TRA, mnunuzi akate bima yake, kisha ndipo yako isitishwe. Kama mnunuzi anavuta miguu kuhamisha kadi, usimkabidhi kila kitu mpaka akamilishe. Ahadi ya "nitabadilisha mwezi ujao" imewapeleka watu mahakamani kwa ajali ambazo hawakuwepo.

Barua na viambatisho

Peleka kwa kampuni, nakala kwa wakala au dalali. Wakala ni njia, hana mamlaka ya kufuta. Kuna jambo la kibinadamu pia: bima ikisitishwa, sehemu ya kamisheni yake inarudi kwa kampuni, kwa hiyo usishangae barua yako ikilala kwenye droo yake wiki mbili. Ipeleke mwenyewe tawini, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, saini na jina la aliyepokea. Uko mbali na tawi? Tuma kwa barua pepe rasmi ya kampuni na usiridhike mpaka wajibu kuwa wameipata.

Andika hivi, ujaze nafasi:

Meneja,
Idara ya Bima za Magari,
(jina la kampuni, S.L.P. na mji)

YAH: KUSITISHA BIMA YA GARI NAMBA T ........, KAVANOTI NA. ........

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ........, mwenye bima iliyotajwa, iliyoanza tarehe ........ na kutarajiwa kuisha tarehe ........, naomba isitishwe kuanzia tarehe ........ saa 5:59 usiku. Sababu ya kusitisha ni ........

Natamka kuwa katika kipindi hiki hakuna ajali, wizi wala madai yoyote yaliyotokea na ambayo sijayatolea taarifa.

Naomba nipatiwe: endosimenti ya kusitisha, mchanganuo wa marejesho ukionyesha ada, VAT na makato, uthibitisho kuwa kinga imefutwa TIRA-MIS, na barua ya kumbukumbu ya madai yangu kwa miaka niliyokuwa mteja.

Malipo yafanyike kwenye akaunti namba ........ benki ya ........ yenye jina langu.

Wako,
(jina, saini, simu)

Ambatisha kavanoti, risiti ya EFD, nakala ya kadi ya gari, kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN, na ushahidi wa sababu: mkataba wa mauziano kama umeuza, kavanoti mpya kama umehama. Kama ulipewa stika ya karatasi, irudishe halisi, nakala haitoshi. Ikiwa imepotea au ilichanika ulipoibandua kwenye kioo, leta kiapo au taarifa ya upotevu ya polisi. Ulisafiri nje na kuchukua Kadi ya Njano ya COMESA? Nayo irudi, maana ni kinga inayotambulika nje ya mipaka na kampuni haiwezi kufunga faili huku kadi hiyo ikizunguka Lusaka.

Gari la kampuni linahitaji barua yenye nembo na muhuri, iliyosainiwa na mkurugenzi au aliyeidhinishwa. Saini ya dereva au mhasibu wa zamu hurudishwa. Mwenye gari akiwa amefariki, anayeandika ni msimamizi wa mirathi, na barua ya usimamizi kutoka mahakamani inaambatishwa. Mtoto mkubwa wa marehemu hana nafasi hiyo mpaka ateuliwe.

Jina la akaunti ndilo linalokwamisha malipo kuliko kitu kingine chochote. Bima imeandikwa majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, au mke ndiye aliyelipa kwa simu yake na anataka pesa zirudi kwake. Kampuni hulipa kwa mwenye bima. Kama majina hayafanani, weka hati ya kiapo ya majina mapema, usisubiri wakurudishe.

Tarehe ya kusitisha isiwe ya nyuma. Huwezi kuandika Juni ukiomba isitishwe tangu Aprili kwa sababu gari lilikuwa limeegeshwa. Siku zile kampuni ilikuwa imebeba hatari yako, na ingeungua usiku mmoja ungedai. Weka tarehe ya leo au ya mbele.

Ukihama kampuni, usiache pengo

Bima ya hasara kwa watu wengine ni ya lazima kwa sheria (Sura ya 169), kwa gari lolote linalotembea barabarani. Pengo la siku moja linatosha kukuweka matatani, na ajali ya siku hiyo ni ya mfukoni mwako. Panga ya zamani iishe saa 5:59 usiku na mpya ianze saa 6:00 usiku huohuo. Ugumu ni kwamba kampuni mpya inaweza kusita kusajili gari ambalo mfumo bado unalionyesha likiwa na kinga hai. Waambie kampuni ya zamani siku mbili tatu kabla wafute kwa tarehe uliyotaja, na uwe na namba ya mtu wa idara ya magari pande zote mbili, si ya mapokezi. Ikibidi mojawapo itangulie, afadhali bima mbili zigongane siku moja kuliko kutokuwa nayo hata moja. Lakini ajali ikitokea hapo, toa taarifa kote kuwili. Hulipwi hasara moja mara mbili, wao watagawana.

Ile barua ya kumbukumbu ya madai uliyoomba ndiyo tiketi yako ya punguzo la kutokuwa na madai huko uendako. Ichukue wakati faili lako bado liko mezani. Baada ya miezi sita utaambiwa urudi kesho, aliyekuwa anahusika hayupo.

Gari lenye mkopo

Benki au kampuni ya mikopo huandikwa kwenye bima kama mwenye maslahi ya kwanza. Bila barua yao ya kutokuwa na pingamizi, ombi lako halisogei. Ukisitisha kwa hila na wao wakagundua, mikataba mingi ya mkopo inawaruhusu kukata bima mpya wenyewe, kwa bei wanayoitaka, na kuiingiza kwenye deni lako. Na kama ada ya bima yenyewe ilikopwa, marejesho yanaanza kulipa mkopo huo. Wewe unapata kinachobaki. Kuacha kulipa rejesho la mkopo la kila mwezi ukitumaini bima itajifia ni njia mbovu: deni linabaki, na kinga inaweza kukatwa siku usiyoijua.

Ajali ya kabla

Kusitisha hakufuti yaliyotokea. Kama mwezi uliopita uligonga bodaboda Kariakoo mkamalizana kwa maneno, toa taarifa kwa kampuni kabla ya kupeleka barua. Akija na wakili baadaye, kampuni itaangalia kama bima ilikuwa hai siku ya ajali, na kama uliijulisha. Tamko la "hakuna madai" ulilosaini huku ukijua lipo ndilo watakalolitumia dhidi yako.

Kampuni ikisitisha yenyewe

Inatakiwa ikupe notisi kwa maandishi, kwa siku zilizotajwa kwenye mkataba, mara nyingi 7 au 14, kwenye anwani ya mwisho uliyoiacha. Ndiyo sababu ya kusasisha anwani na simu yako. Ukipata notisi, dai uwiano wa siku na ukate bima nyingine kabla notisi haijaisha. Hali ni tofauti kama ulidanganya wakati wa kukata bima, kwa mfano uliandika gari la binafsi na kumbe linabeba abiria: hapo wanaweza kukataa mkataba wote.

Pesa zisipokuja

Baada ya wiki moja rudi TIRA-MIS uone kama kinga imefutwa. Ikiwa bado inaonekana hai, andika tena ukiambatisha nakala yenye muhuri, na sisitiza kuwa marejesho yanahesabiwa kutoka tarehe ya mapokezi. Kama imefutwa lakini pesa haijaingia, omba mchanganuo kwanza; mara nyingi utakuta ombi limekwama uhasibu kwa sababu ya TIN au jina la akaunti. Andika lalamiko rasmi kwa kampuni, uipe tarehe ya kujibu. Wasipojibu au wakikataa bila kipengele cha mkataba, peleka faili zima kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), ambayo haitozi mlalamikaji, au kwenye ofisi ya kanda ya TIRA iliyo karibu. Watakachouliza kwanza ni kama ulianza na kampuni, kwa hiyo nakala ya lalamiko lako iwe juu kabisa.

Kwa walioko Kenya

Sheria ya Sura ya 405 inakutaka urudishe cheti cha bima kwa kampuni ndani ya siku 7 tangu bima ifutwe, au uape kiapo kuwa kimepotea. Vyeti sasa ni vya kidijitali kupitia mfumo wa DMVIC, hivyo omba uthibitisho kuwa chako kimefutwa humo kabla kampuni nyingine haijajaribu kutoa kipya. Cheti cha zamani kikiwa hai, kipya kinakataliwa. Ushuru wa stempu wa Sh 40 usiutarajie kurudi. Ukilipia kwa mkopo wa ada ya bima, aliyekukopesha ndiye anayelipwa kwanza, na malalamiko yanapelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima (IRA) baada ya kampuni kushindwa kukujibu.